Gitaa la roki ndani ya filamu ya kutisha: tunajibu maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wapiga ala wa roki walioombwa kutunga muziki wa filamu za kutisha, zile zinazotengenezwa kwa fedha kidogo na bila kampuni kubwa nyuma yake. Tumechagua saba.

*Wahariri, hamjambo? Sisi ni bendi ya watu wanne hapa Nairobi: magitaa mawili, besi na dramu. Mwongozaji mmoja anatengeneza filamu ya kutisha ya dakika 80 kwa fedha zake mwenyewe, na ametuomba muziki. Tuna nyimbo kumi ambazo tumesharekodi. Tumpe hizo azipange, au tutunge upya? Na tuanzie wapi?*
– Bendi, Nairobi

Tungeni upya. Wimbo una ubeti, kiitikio na maneno yake, na vyote hivyo vinataka kusikilizwa. Mhusika akianza kuongea, mhariri wa picha hana njia ila kuukata wimbo wenu katikati. Mmoja ukisikika kwenye redio ya gari na mwingine majina yakipita mwishoni, inatosha.

Njia hii wameshaipita wengi. Mwaka 1975 Dario Argento wa Italia alikuwa amemchukua mpiga piano wa jazi, Giorgio Gaslini, kwa filamu ya *Profondo rosso*. Baadaye akawaingiza vijana wa bendi ya roki ya Goblin, na ni vipande vyao vinavyokumbukwa hadi leo. Mwaka 1977, kwenye *Suspiria*, bendi hiyohiyo ilianza kutunga kabla ya kamera kuwashwa, na Argento akawa anaupiga muziki kwa sauti kubwa wakati wa kupiga picha ili waigizaji wakose utulivu. Msiige hilo kabla ya kuuliza sauti inarekodiwa vipi. Filamu za Italia za miaka ile zilitiwa mazungumzo baadaye studioni, kwa hiyo kelele za pale hazikuharibu kitu. Siku hizi maongezi hurekodiwa palepale, na muziki ukishaingia kwenye maikrofoni ya mwigizaji hautoki.

Mfano unaowafaa zaidi ni wa John Carpenter, mwongozaji wa Marekani. *Halloween* ya mwaka 1978 iligharimu dola za Marekani zipatazo 300,000, na mwongozaji mwenyewe ndiye aliyeutunga muziki wake. Wazo kuu ni mchoro mfupi wa piano wenye mapigo matano kwa kipimo (fungu la mapigo linalojirudia), mdundo aliofundishwa na baba yake kwenye ngoma za bongo. Aliurekodi bila kuitazama picha, ukaja kupangwa baadaye. Ulipangika kwa sababu ulikuwa mfupi, unajirudia, na hauna kilele kinachopaswa kufikiwa: ukiukata baada ya kipimo cha pili au cha kumi na mbili, bado umekamilika. Rifu nzuri ya roki, yaani mchoro mfupi wa gitaa unaorudiwa, ina sifa hiyohiyo, na hapo ndipo bendi inapokuwa na faida.

Kabla ya kugusa gitaa, subirini uhariri wa picha ufungwe, yaani mwongozaji aahidi kwamba hakuna mkato utakaosogezwa tena. Kisha kaeni naye muitazame filamu nzima mkiandika: muziki unaingia dakika ngapi na sekunde ngapi, unatoka lini, nani anaongea hapo, na muziki unatakiwa kufanya nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. “Kutisha” si jibu. “Mtazamaji ajue kuna mtu nyuma ya mlango kabla binti hajajua” ni jibu. Kwa filamu ya dakika 80, muziki wa dakika 30 hadi 40 unatosha kabisa. Ukizidi hapo, masikio yanauzoea na hofu inaisha.

*Nimetunga kwenye kompyuta nikiitazama picha, kila pigo likaangukia palepale nilipotaka. Nilipompelekea mhariri, mwanzo ulikuwa sawa lakini kadiri filamu inavyoendelea mapigo yanachelewa au kuwahi. Kosa liko wapi? Na kuna hesabu ya kuchagua tempo?*
– Mpiga besi, Dar es Salaam

Kwanza tazama tofauti inavyokuwa. Ikiwa ni ileile toka mwanzo hadi mwisho, kosa ni mahali ulipoanzia tu: sogeza faili zima. Ikiwa inakua kadiri muda unavyokwenda, kuna mwendo mmoja usiolingana, na wahalifu ni wawili.

Wa kwanza ni fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Kamera nyingi hupiga fremu 23.976 kwa sekunde, si 24 kamili. Ukiiambia programu yako 24, unapata tofauti ya sehemu moja katika elfu: sekunde 0.6 kwa kila dakika 10, na sekunde 4.8 kwa filamu ya dakika 80. Muulize mhariri namba kamili, na akuandikie.

Wa pili ni kiwango cha sampuli, yaani kompyuta inaipima sauti mara ngapi kwa sekunde. Muziki wa albamu wengi tumezoea kuurekodi kwa 44.1 kHz, filamu hutumia 48 kHz. Faili la 44.1 likisomwa kana kwamba ni la 48, linakwenda mbio kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusu-toni moja na nusu hivi. Kipande cha dakika 4 kitaisha kwenye dakika 3 na sekunde 40. Hili ni rahisi kulitambua kwa sikio, maana gitaa lako halitakuwa tena kwenye ufunguo uliopiga. Fungua mradi mpya kwa 48 kHz na biti 24 toka siku ya kwanza.

Hesabu ya tempo, yaani mapigo kwa dakika, ni hii: idadi ya mapigo, mara 60, gawanya kwa sekunde. Tuseme mlango unabamizwa sekunde 37.5 baada ya muziki kuanza. Ukichagua tempo 100, kila pigo lina sekunde 0.6, na mlango unaangukia kwenye pigo la 62 na nusu, pasipo na kitu. Ukitaka mapigo 60 yapite kabla ya mlango, 60 mara 60 gawanya kwa 37.5 ni 96. Kwa tempo 96 mlango unabamizwa mwanzoni mwa kipimo cha 16 ukihesabu nne nne, au cha 13 ukihesabu tano tano. Kutoka 100 hadi 96 hakuna atakayesikia tofauti, na mpiga dramu wako atacheza kwa raha bila kukimbizana na picha.

Kisha acha milango mingine ipite. Kila kishindo kikipata pigo lake, filamu inageuka katuni. Chagua viwili au vitatu kwa kila kipande. Na pale unapokosa uhakika, pigo lichelewe fremu moja kuliko kuwahi. Sauti inayotangulia picha inamwonya mtazamaji, na jicho linaikamata haraka zaidi.

*Sina sinthesaiza wala fedha za kununua maktaba za sauti. Nina gitaa la umeme, amplifaya na kompyuta. Nawezaje kupata zile sauti za kukwaruza na kunguruma zisizojulikana ni za nini?*
– Msomaji, Arusha

Kaka, uko kwenye nafasi nzuri kuliko unavyodhani. Sauti za maktaba wanazo wote. Mlio wa gitaa lako unao peke yako.

Anza na upinde wa fidla. Kifaa hiki kinapatikana hapa kwetu kwa sababu ya taarabu, na mpiga fidla yeyote wa Unguja atakuonyesha namna ya kukipaka rozini, ule utomvu mgumu unaoupa unywele wa upinde mshiko. Upinde mpya usiopakwa rozini unateleza juu ya waya bila kutoa chochote, na wengi hudhani upinde ni mbovu. Nyaya za fidla zimekaa kwa mviringo mkali, ndiyo maana upinde unaugusa mmoja mmoja; za gitaa zimekaa karibu tambarare, hivyo upinde utaufikia ule wa kwanza na wa sita tu. Tumia wa sita. Ushushe kutoka E hadi C, yaani kutoka 82 Hz hadi 65 Hz. Waya wa kawaida wa inchi 0.046 utalegea na sauti itayumba; ukitaka itulie, weka wa inchi 0.056 au mnene zaidi. Vuta polepole karibu na daraja la gitaa, pale nyaya zinapokalia juu ya mwili wake, zima kabisa kifaa cha kukata kelele, na ongeza kompresa, kifaa kinachosawazisha sauti ndogo na kubwa, ili mikwaruzo midogo isikike. Rozini itabaki kwenye waya na kwenye pikapu (kinasa mlio cha gitaa), kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Halafu chomeka bisibisi nyembamba chini ya nyaya, kwenye freti ya 12. Kila waya sasa una sehemu mbili zinazolia, na ukigonga nyuma ya bisibisi unapata mlio wa kengele usiolingana na ufunguo wowote. Vibanio vidogo vya nyaya za umeme vikibanwa kwenye waya karibu na daraja vinatoa mlio wa chuma kinachotetemeka. Usikaze, nyaya nyembamba hukatika.

Sehemu inayolipa kuliko zote ni maikrofoni ya kugusa. Nunua kisahani cha piezo cha milimita 27, kile kilichomo ndani ya vifaa vya kupiga king'ora, kwa fundi yeyote wa elektroniki. Waya wa ndani wa kebo ya gitaa unaunganishwa katikati, kwenye doa jeupe. Wavu wa nje wa kebo unaunganishwa kwenye shaba ya pembeni. Tia risasi ya kulehemu haraka na uondoe chuma cha moto, maana joto likikaa lile doa linabanduka. Kibandike kwa utepe wa pande mbili au nta juu ya bati, geti, spoku za baiskeli, mfuniko wa sufuria, kisha kwaruza kwa upinde uleule.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa: sauti inatoka nyembamba kama ya redio ya zamani. Si kosa la piezo. Kisahani hicho kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban nanofaradi 20, na ukikichomeka kwenye tundu la kawaida lenye ukinzani wa kilo-omu 10, kila kitu chini ya karibu 800 Hz kinapotea. Kichomeke kwenye tundu la gitaa, lenye mega-omu 1, na mpaka huo unashuka hadi 8 Hz. Badiliko hilo moja linarudisha mngurumo wote.

Rekodi kwa 96 kHz, kisha punguza mwendo hadi nusu. Sauti inashuka oktava moja na muda unakuwa mara mbili. Ukipunguza tena, mkwaruzo wa sekunde 2 unakuwa sekunde 8 na umeshuka oktava mbili. Faida ya 96 kHz ni kwamba piezo inanasa milio ya juu ambayo sikio haiisikii, na ukipunguza mwendo milio hiyo inashuka na kujaza pale ambapo rekodi ya kawaida ingekuwa na giza. Geti lenye kutu likishushwa oktava mbili ni kitu ambacho hakuna mtazamaji atakayekitambua.

Ukiliacha gitaa lilie lenyewe mbele ya amplifaya, linda masikio. Kwa kipimo cha desibeli 100, dakika 15 ndizo zinazokubalika kiafya kwa siku nzima.

*Fundi sauti wa filamu anasema magitaa yetu yanameza mazungumzo. Anayashusha hadi hayasikiki. Tufanye nini?*
– Bendi, Kampala

Fundi yuko sahihi. Distoshoni, ule mlio wa gitaa unaokwaruzwa makusudi, inajaza nafasi kati ya 1 na 4 kHz, na humo ndimo maneno yanamoeleweka. Matoazi nayo yanafunika s, sh na ch. Hakuna kitufe cha kutibu hilo baadaye. Linatibiwa mnapopanga nani apige nini.

Mtu akiongea, ondoeni distoshoni na matoazi. Besi ibaki, tomu zipigwe kwa fimbo zenye vichwa vya sufi, gitaa moja lisilo na distoshoni lipige noti moja ndefu chini ya 300 Hz. Maneno yakiisha, rudini na uzito wote. Utasikika mzito zaidi kwa sababu ulikuwa umeondoka.

Pia msimpe mchanganyiko mmoja uliobanwa. Mpeni makundi tofauti: dramu, besi, magitaa, sauti za angahewa, na mapigo ya kushtua peke yake. Yote yaanze sekunde ileile na yawe na urefu uleule, yakiwa na mlio mmoja wa 1 kHz wa fremu moja, sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza, ili ayapange kwa jicho. Kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri, yaani kikomo cha juu cha rekodi, na ondoeni limita, kifaa kinachokata sauti inayozidi, kwenye njia kuu. Akiona magitaa yanazidi, atayashusha hayo tu na kuiacha besi ifanye kazi yake.

Kuhusu besi yenyewe: E ya chini ni 41 Hz, na spika ya simu haiitoi kabisa. Wengi watawatazama kwenye simu. Iongezeeni distoshoni kidogo, au ipigeni pamoja na oktava ya juu, ili sikio liikamilishe yenyewe.

*Pigo letu la kushtua halishtui. Tumeweka matoazi yanayopanda, kisha dramu na magitaa kwa nguvu zote.*
– Mpiga dramu, Nakuru

Matoazi yanayopanda yanamwambia mtazamaji ajishike. Yaondoe. Shusha muziki hadi karibu kimya kwa sekunde 2 au 4, sikio lilegee, kisha pigo liingie desibeli 15 hadi 20 juu ya hapo bila onyo. Hakikisha hakuna limita inayokata ncha ya pigo, maana mshtuko uko kwenye milisekunde chache za kwanza. Na usilitumie zaidi ya mara tatu au nne kwenye filamu nzima.

*Salamu kutoka Tanga. Filamu yetu inahusu jini anayesumbua nyumba moja mjini. Mwongozaji anataka tuchanganye roki na rekodi za dhikri na ngoma za kupunga pepo ili itishe. Mnaonaje?*
– Mpiga gitaa, Tanga

Dada yetu, kwa dhikri jibu letu ni hapana, na tunalisema bila kuzunguka. Dhikri ni ibada. Mtazamaji wa Tanga, Mombasa au Muskati akiisikia imewekwa chini ya tukio la mauaji hataogopa. Ataumia, na atakuwa na haki ya kuumia. Ngoma za kupunga pepo ni tiba kwa wanaozitumia, na nyimbo zake zina wenyewe. Kama mnazitaka, nendeni kwa fundi wa ngoma, mwelezeni tukio, mwombeni ruhusa, mlipeni, na mkubali akisema sivyo.

Lakini mdundo wa Pwani wenyewe haukatazwi na mtu. Ngoma nyingi za kwetu hubeba tatu juu ya mbili kwa wakati mmoja. Acheni dramu ishike mbili, gitaa lenye distoshoni lishike tatu, na besi ibaki kwenye noti mbili zilizoachana nusu-toni, tuseme E na F. Mtazamaji hajui aweke mguu wapi. Kisha baada ya dakika moja ondoeni dramu tu. Hilo litatisha kuliko rekodi yoyote ya kuibwa.

*Mwongozaji alihariri filamu akitumia muziki wa filamu nyingine kubwa. Sasa kila tunachompelekea anasema “si kama ule”. Halafu, hatuna mkataba. Haki zetu ni zipi?*
– Bendi ya Waswahili, Toronto

Mambo mawili. Kwa ule muziki wa muda, mwulizeni anaupendea nini: mwendo, uzito, au mahali unaponyamaza. Chukueni hayo. Melodi na rifu msiziguse, hata mkigeuza noti mbili tatu. Atakayeshitakiwa ni ninyi. Na wakati ujao mpelekeeni vipande vyenu vya majaribio kabla hajaanza kuhariri, masikio yake yazoee vya kwenu.

Mkataba uandikwe leo, hata kama ni ukurasa mmoja. Kuna haki mbili tofauti: ya utunzi na ya rekodi. Mwongozaji asiye na fedha nyingi anahitaji ruhusa ya kutumia vyote viwili ndani ya filamu hii, duniani kote, bila kikomo cha muda. Hahitaji kuvimiliki. Bakini na umiliki, na mwandike wazi kwamba mnaweza kuutoa muziki kama albamu. Bendi nyingi za filamu za kutisha zimeishi kwa albamu na maonyesho ya jukwaani. Claudio Simonetti wa Goblin bado anazunguka nchi mbalimbali akipiga muziki wa *Suspiria* mbele ya filamu yenyewe. Andikeni pia malipo: nusu kabla ya kuanza na nusu mkikabidhi ni utaratibu wa haki, pamoja na idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei hiyo. Mbili zinatosha, ya tatu ilipiwe.

Miongoni mwenu, gawaneni asilimia za utunzi kabla ya fedha kuonekana, na kila mmoja atie saini. Mpiga dramu aliyebuni mdundo wa mapigo matano ni mtunzi vilevile.

Mwisho, jazeni orodha ya vipande: jina la kipande, watunzi na asilimia zao, urefu wake kwa dakika na sekunde, na kama kinasikika ndani ya tukio (wahusika wanakisikia, kwa mfano kwenye redio) au nje yake. Mpeni mtayarishaji, na nakala mpeleke kwenye chama cha mirabaha mlichojiunga nacho. Bila orodha hiyo, filamu ikionyeshwa kwenye televisheni fedha hazijui ziende kwa nani. Mjue pia kwamba majumba ya sinema ya Marekani hayawalipi watunzi mirabaha ya maonyesho, jambo lililotokana na hukumu ya mahakama ya mwaka 1948, ilhali nchi nyingi za Ulaya hulipa. Mwongozaji akiwaambia “mtapata fedha za sinema” huku anapanga kuionyesha Marekani tu, ongezeni malipo ya awali.